Bwana Odongo na Samaki Aitwaye Sewa

Baada ya miaka thelathini na moja katika jiko la hoteli yetu, Bwana Mathews Odongo, mpishi mkuu, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025. Kamati ya ustawi imeniomba mimi, Terry Wandera, msaidizi wake wa muda mrefu, niandike wasifu wake. Imeniomba pia niandike mazuri tu. Nitajitahidi.

Bwana Odongo alizaliwa Pap Onditi, akaanza hapa kwa kuosha sufuria, akapanda hadi kofia ndefu. Hakupanda kwa bahati. Hapa Kisumu, kando ya ziwa, ukimwita samaki ngege kwa jina la mwenzake mbuta, hata mtoto wa chekechea atakucheka. Yeye aliliona hilo mapema, akajichagulia bahari, ambako hapakuwa na wa kumkosoa. Alipelekwa Malindi kwa mafunzo ya wiki mbili, akarudi bingwa wa samaki wa maji chumvi. Tangu siku hiyo ngege wetu, aliyemlea yeye na ukoo wake mzima, akawa samaki asiye na hadhi.

Ushahidi wa ubingwa huo umetundikwa ofisini kwake: picha akiwa ndani ya boti, amekumbatia samaki, na chini ameandika kwa wino mwekundu CHEWA. Kila mgeni amesimuliwa jinsi chewa huyo alivyofukuzia chambo juu juu ya maji, nyuma ya boti iliyokuwa mbioni. Hadithi tamu, ila chewa ni samaki wa mawe. Ni mnene, ana mdomo mpana, madoadoa na mkia wa mviringo. Hukaa chini kabisa, na akinasa ndoana hujichimbia pangoni. Hana shughuli na boti ya mtu. Wa pichani amechongoka huku na huku, na mkia wake umepinda kama mwezi mchanga. Huyo ni sehewa, ndugu yake jodari. Majina yanakaribiana, kweli, na bingwa wetu alimaliza tatizo hilo kwa kuwaita wote wawili "sewa", samaki ambaye hajawahi kuvuliwa popote duniani.

Jikoni tofauti ni kubwa zaidi. Nyama ya chewa ni nyeupe na imeshikana. Unaitia kwenye mchuzi na haimeguki. Ya sehewa ni nyekundu kama ini, na asipolazwa kwenye barafu hujitengenezea sumu ambayo hata moto hauiondoi.

Mwaka juzi watu wa harusi moja waliomba samaki wa baharini. Bwana Odongo akapiga simu Mombasa, akaagiza "sewa wakubwa", na aliyepokea akasikia alichosikia. Sanduku lilipofika kwa basi, lilifunguliwa na Metrine Wakhisi, mpishi mwenzetu anayeishi Obunga. Aliona barafu imeyeyuka, akauliza nyingine iko wapi. Jibu la Bwana Odongo tulilisikia sote: "Wewe Metrine, hii ni sewa. Sewa ni samaki ya mawe, bana. Haitaki barafu, inataka respect!" Akaamuru wapangwe juu ya meza bustanini, juani, wageni wawapige picha hadi wakati wa kuchomwa.

Mlo haukuisha kabla ya nyuso kuwaka moto, miili kuwasha na mioyo kwenda mbio. Bibi harusi aliondoka kwa ambulansi akiwa na shela yake. Wote walipona, Mungu asifiwe. Daktari alisema waziwazi kwamba samaki alikuwa wa jamii ya jodari, amekaa bila barafu, na hata angechomwa kutwa isingesaidia. Bwana Odongo akawaambia wakubwa kwamba Metrine hakuivisha. Metrine akahamishiwa dobi kukunja mashuka, na huko ndiko aliko hadi leo. Nilipeleka maneno ya daktari kwa meneja, nikaambiwa kwamba bila neno la mpishi mkuu hakuna litakalobadilika. Hilo lilituuma, na bado linatuuma.

Tumshukuru kwa yaliyo yake. Mimi alinifundisha kushika kisu. Hakukosa matanga ya mfanyakazi yeyote, na chapati zake hazina mpinzani mjini humu. Kuhusu mkahawa wa samaki wa baharini anaokusudia kufungua Awasi, tunawaombea watu wa Awasi.

Bwana Odongo, mbele yako kuna sinia mbili. Katika moja amelala chewa, katika nyingine sehewa aliyesafiri ndani ya barafu njia nzima. Wote wana vichwa na mikia, ili usibahatishe. Wamepikwa na Metrine, aliyeruhusiwa kutoka dobi kwa leo tu. Ameketi meza ya tatu, hajavua aproni. Meneja yuko kulia kwako, na kwenye ratiba hotuba yako ndiyo inayofuata. Hatuhitaji ndefu. Taja tu, kwa jina lake kamili, samaki uliyempanga juani siku ile, na useme ni nani aliyeomba barafu. Nenda salama Pap Onditi. Tunakutakia uzee mwema, afya na usingizi mzuri. Metrine yeye kesho ana zamu, na mpaka sasa hajui kama ni ya jikoni au ya mashuka.