Bi. Severina Mughwai: Mama wa Mchicha, Adui wa Kuku wa Utemini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Severina Mughwai, Bibi Shamba wetu, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Kuku wa Utemini wameshapata habari na inasemekana wamefurahi. Sisi wanachama wa bustani ya jamii tumekuwa na hofu moja tu: je, itasimama bila yeye?

Alianzia kazi Kiomboi, akahamia Kilimatinde, kisha akaletwa hapa Utemini, Singida mjini, kusimamia bustani hiyo. Alishuka kwenye basi akiwa amepakata miche ya nyanya, begi la nguo amelisahau Manyoni. Wiki nzima alivaa kanga za kuazima, lakini nyanya zilishika vizuri.

Wanaofika bustanini mbio mbio wamekoma. Kwake ushauri hautolewi kabla ya salamu, na salamu haziishi mpaka umeulizwa habari za watoto, ng'ombe na mvua. Ndipo atakuambia: mwagilia asubuhi au jioni, si jua la utosi, funika tuta kwa nyasi kavu ili unyevu ukae, mchicha ukate, usiung'oe, nao utachipua tena. Mwenzetu Godfrey aliwahi kung'oa tuta zima. Mpaka leo shikamoo yake anaitoa akiwa ng'ambo ya barabara.

Lakini ukweli usemwe, mwenyewe naye aliwahi kutuponza. Uongozi wa mtaa ulikuwa umetupa kiangazi kimoja tu: siku ya ukaguzi tusipoonyesha mboga, eneo linageuzwa la kufyatulia matofali. Bi. Severina, kwa kutaka mchicha unenepe, akapata mashudu ya alizeti kwenye mashine ya kukamulia mafuta, akayafukia juu juu kwenye matuta yote. Mtu wa Singida, kwenye kuku kila ua, anaacha mashudu nje, halafu anaenda kunywa chai! Aliporudi, kuku wa mtaa mzima walikuwa kwenye mkutano wa hadhara. Hakubaki mche. Theresia, ambaye wanawe walikuwa wakila kutoka tuta lake, alikaa chini akalia.

Wenye kuku wakaitwa. Kwetu mtu humtambua kuku wake hata kwa mlio, lakini siku hiyo hakuna aliyemjua hata mmoja. Mzee Miraji alimtazama jogoo wake usoni, akamkana. Bi. Severina hakubishana. Alitangaza kwa upole kwamba kwa kuwa kuku hawa hawana wenyewe, watakuwa kitoweo cha watakaopanda upya, akaagiza sufuria iinjikwe. Maji hayajachemka, kila kuku alishapata mwenyewe, na jogoo alishapata hata jina. Wenyewe hao ndio waliopanda upya na kuzungusha uzio wa miiba. Mchicha nao huwa hauchelewi; siku ya ukaguzi ulikuwa umefika magotini, na bustani ikabaki yetu. Tangu hapo mashudu huyaozesha kwanza pamoja na samadi, yakiwa yamefunikwa, mpaka yapoe kabisa. Nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Mwezi uliopita aliomba apewe tuta kama mwanachama wa kawaida, akachagua lile la karibu na bomba. Kamati ikakaa. Mwenyekiti, Bi. Rukaiya, akamweleza kwa heshima zote kwamba mwanachama mpya huanzia mwisho kabisa, kule kwenye kichuguu. Tulijua atakasirika. Alicheka mpaka akajifuta machozi, akasema kama tumeweza kumnyima hata yeye, basi bustani ina wenyewe. Nasi tulilia, hatufichi.

Asante sana, mama yetu. Tumekupenda, na tutakupenda hata ukiwa kichuguuni. Mungu akujalie afya, mvua za wakati na majirani wasiofuga.

Jumamosi ni zamu yako ya kumwagilia. Usichelewe.