Ndoto ya Haisul Kabla ya Somo la Mawele

Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umekalia mapaa ya kijiji kama mgeni asiyejua kuaga, na kwenye benchi nje ya duka la Puni wazee watatu walikuwa wanakunywa kahawa na kukasirikiana. Mwaka huo, kwa mara ya kwanza, wilaya ilikuwa imewaachia Wabunun wa mlima ule wajipangie wenyewe masomo ya shule yao. Baraza la kijiji likaamua somo la kwanza liwe kupanda mawele, kwa Kibunun, lugha yao, na mwalimu awe mzee Haisul. Karatasi ya mpango huo ilitakiwa ifike wilayani kabla ya saa sita mchana. Isipofika, watoto wangerudi kwenye vitabu vilevile vya zamani vya Kichina mwaka mzima. Ilibaki saini ya Haisul tu. Lakini Mbunun hafungui shamba la mawele bila ndoto njema, na ndoto aliyoiota Haisul hakujua aiweke upande gani.

— Hebu isimulie tena, alisema Umas, ambaye kijiji kizima kilimwita Redio kwa kuwa hazimwi. Polepole, usiruke kitu.

— Nimemwona mama yangu, alisema Haisul. Amesimama shambani, mawele yamemfika kifuani. Akanigeukia, akanisemesha maneno mengi. Nikaamka nalia.

— Mawele kifuani! Redio alijipiga paja. Njema hiyo, bwana! Saini twende zetu!

— Kuamka unalia ndiyo njema? aliuliza Dahu, katibu wa baraza, aliyetembea na mhuri mfukoni hata kanisani.

— Machozi ni mvua. Mawele yataota bila mvua?

— Acha zako, Redio. Mwaka juzi uliota umeng'oka meno, ukatuambia utapata mapya.

— Na si nimeyapata?

Redio akakenua, meno ya bandia yakang'aa hadi Puni akacheka na kumwaga kahawa kidogo.

— Mimi nasema mama wa watu kaja kukagua, alisema Puni, akifuta benchi kwa kitambaa alichokishika. Nyinyi mmepata baraza, na marehemu nao wana lao. Tena la kwao akidi inatimia, si kama lenu.

— Basi na shule wanayo! Redio alidakia. Nao wamebadilisha masomo. Saa hizi babu yangu yuko kwenye kompyuta, anabonyeza kwa kidole kimoja.

— Haya, niandike hivyo kwenye fomu, alisema Dahu. Sababu ya kuchelewa: ukaguzi wa marehemu.

Haisul hakucheka. Alilitaka somo lile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka. Shuleni palepale, akiwa na miaka minane, alivishwa kibao shingoni kwa kusema Kibunun, akakaa nacho mpaka mwenzake mwingine alipoteleza ulimi. Tangu hapo alijifunza kunyamaza, akanyamaza miaka sitini. Sasa shule ileile inamwomba afungue kinywa. Je, awapandishe watoto wa watu mawele juu ya ndoto mbaya?

Ndipo akatokea Langui, mwalimu mpya, binti wa kijiji aliyekulia mjini, viatu vimejaa matope. Alikuwa ameifuata karatasi. Redio akamsimulia ndoto yote, na mvua na kompyuta akazitia humohumo.

— Samahani, babu, alisema Langui. Mama alikusemesha kwa lugha gani?

Redio alitazama ndani ya kikombe. Dahu aliupapasa mhuri mfukoni. Kwa miaka yote ya kupima ndoto, hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

Haisul alifumba macho, akarudi shambani. Mawele yalikuwa yanayumba taratibu, mama yupo, midomo inacheza. Mama huyu alikufa hajui hata neno moja la lugha ya vitabuni. Chumvi aliinunua kwa kuonyesha kidole. Haisul alitega sikio. Sauti ikamjia laini, imenyooka, kama ya msomaji wa habari.

— Kichina, alisema mwishowe. Mama yangu kanisemesha Kichina.

— Pole, ndugu yangu, alisema Puni kwa sauti ya chini. Hiyo ni mbaya. Ahirisheni tu, mpaka mwakani.

— Mbaya sana, Haisul aliitikia, machozi yakimtoka bila kuyaficha. Dahu, lete kalamu.

— Lakini mila, mzee...

— Kama mama yangu huko aliko ameshaanza kuisahau lugha yetu, mimi huku nasubiri nini?

Akasaini, kisha akamwuliza Langui majembe ya shule yanawekwa wapi.