Kamera Mbili na Kisima Kimoja

Benchi lilikuwa la seremala, kivuli kilikuwa cha kinyozi, na kahawa ilikuwa ya Mama Birika, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumfukuza mwenzake. Lilikaa pembeni mwa barabara, kati ya karakana na kibanda cha kunyolea, miguu yake mitatu ya mbao na wa nne wa matofali mawili yaliyopandana. Mtu akicheka sana benchi lilitikisika, kahawa ikamwagika, na lawama ikamwangukia aliyekaa upande wa matofali. Siku hiyo aliyekaa huko alikuwa mchimba visima, ambaye kijiwe kizima kilimwita Chini, na wala hakuwa na hamu ya kucheka. Mapajani mwake kulikuwa na kamera mbili, moja ndogo ya manjano na moja kubwa nyeusi. Shemeji yake, mwenye duka la kamera, alimwachia na kuingia kwenye foleni ya benki ng'ambo ya barabara. "Chagua moja, shemeji," alimwambia. "Nikitoka humu, nyingine narudi nayo dukani."

Kisa chenyewe kilikuwa mama mkwe. Alikuja kumtembelea binti yake, na tangu afike alikuwa akimtazama mkwewe anavyotoka asubuhi safi, akarudi jioni tope tupu. Alitazama, akanyamaza, akatazama tena, hatimaye akauliza kwa sauti iliyofika hadi chumba cha pili: "Huyu mumeo huenda kugaagaa wapi?" Binti akajibu kwamba mumewe anachimba visima. "Visima gani? Vyote nilivyopita nimeona maji. Yeye sijamwona."

Maneno hayo yalimkaa Chini kooni kama mwiba wa samaki. Ubaya wa kazi yake ndio huo. Seremala akimaliza kabati, linasimama ukumbini na wageni wanalisifu. Yeye kazi ikimharibikia, kila mtu anaona shimo. Ikimfanikia, maji yanaifunika. Akaapa kwamba mama mkwe lazima amwone, kwa picha, akiwa chini kabisa, sululu mkononi. Simu haikufaa. Visima viwili vya mwisho vilikuwa vimemmezea simu, kila kimoja ya kwake.

— Hebu rudia, alisema seremala. Hiyo kubwa shemeji yako kaiitaje?

— Ya fremu nzima. Kasema ndiyo aina ya wapiga picha wakubwa.

Seremala akaweka kikombe chini kwa heshima. Kijiweni aliitwa Fremu, kwa sababu alitengeneza fremu za milango tu. Milango yenyewe alisema ni kazi ya watu wenye haraka.

— Basi kesi imekwisha. Nzima! Umewahi kuona mlango ukasimama kwenye nusu fremu?

— Hiyo si mlango, ni kamera, alisema Kanali.

Kanali alikuwa mlinzi wa ghala la magodoro. Jeshini hakuwahi kukanyaga hata uani, ila alikuwa na filimbi.

— Picha inaingia humo, haingii? aliuliza Fremu.

— Inaingia.

— Kinachoingiwa ni mlango. Tuendelee.

Kanali akaichukua ile ndogo, akaipima mkononi kama anayepima bomu.

— Chini, ndugu yangu, nisikilize mimi. Shemeji kasema hii inazama, inaanguka, inakanyagwa, na bado inaamka. Hiyo si kamera. Huyo ni askari. Hiyo kubwa ukiipigia chafya inakwenda likizo ya ugonjwa.

— Kanali, wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, alijibu Fremu. Hii ndogo imetengenezwa itembezwe mfukoni. Imejihukumu yenyewe.

— Na wahenga haohao walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hiyo kubwa mnavyoisifu, itaingia maji leo leo.

Chini alizitazama zote mbili. Kusema kweli, moyo wake ulikuwa kwa ile kubwa. Ilikuwa nzito kama mtoto mchanga aliyeshiba, na kidole chake kilipata pa kukaa bila kutafuta. Alitaka mama mkwe aone kila tone la jasho. Ile ndogo ilifanana na kisanduku cha sabuni. Aliogopa mama mkwe angeitazama akauliza sabuni iko wapi. Lakini chini ya kisima maji hayabishi hodi, na mawe madogo hudondoka bila salamu.

Hapo kinyozi akatoka, mashine ya kunyolea mkononi. Jina lake Sharubu, naye hakuwa na hata unywele mmoja chini ya pua.

— Nimewasikia toka ndani. Chini, ile kubwa ina kioo tumboni, sivyo?

— Shemeji kasema kipo. Ukibonyeza, kinainuka, picha inapita.

— Basi iogope. Mimi na vioo tumezeeka pamoja. Kioo kikiona nyuso nyingi kinachoka, kinaanza kuchanganya. Kile changu cha zamani, mteja alikaa mbele yake akajiona na pua ya aliyetangulia. Aliondoka analia. Sasa hii kamera imekaa dukani, imejaribiwa na nani na nani? Utampelekea mama mkwe picha yako una pua ya watu.

— Kwa pua aliyonayo Chini, mama mkwe angeshukuru, alisema Mama Birika, akimmiminia Kanali kahawa.

Benchi likatikisika. Kahawa ikamwagika kwenye goti la Chini, na wote wakamlaumu Chini.

— Sharubu! sauti iliita kutoka kibandani. Umenyoa upande mmoja tu!

— Tulia, kaka, haba na haba hujaza kibaba! Sharubu alijibu bila kugeuka, akakaa.

— Mimi nina swali kwa askari wenu, alisema Fremu. Mnasema hii ndogo haipitishi maji, haipitishi vumbi. Imezibwa kila mahali. Sasa mwanga unaingilia wapi?

Hata Chini, aliyekuwa ameamua kutosikiliza, alijikuta akiigeuzageuza ile kamera akitafuta tundu.

— Mwanga una kitambulisho, Kanali alisema mwishowe. Hata ghalani kwangu haingii mtu. Lakini meneja anaingia.

Ili kukomesha ubishi, akaitumbukiza ile ndogo kwenye ndoo ambayo Mama Birika huoshea vikombe, akaikoroga, akaitoa. Ikawaka taa yake kama kawaida.

— Mwenyezi Mungu akusamehe, alisema Mama Birika, maana mimi sikusamehi. Hayo maji ndiyo yaliyokuwa yakiwapa vikombe safi.

— Umeona, Chini? Imetoka hai!

— Haki ni haki, alisema Fremu, akinyoosha mkono. Na hii nyingine nayo izame, tulinganishe.

Chini akaikumbatia ile kubwa kwa mikono miwili, akainuka nusu. Akatazama ng'ambo: shemeji bado alikuwa kwenye foleni, mgongo wake tu ukionekana.

— Jamani, mimi nina shida ya kweli hapa. Yule mama anaondoka kesho. Akiondoka bila kuniona, nitabaki mgaagaaji hadi niingie kaburini. Na huko nako atasema ndipo nilipokuwa siku zote.

Walimwonea huruma, lakini huruma ya kijiwe haina pumzi ndefu.

— Tatizo lako kubwa ni kamba, alisema Kanali kwa sauti ya chini. Kamba yako inavuta mtu mmoja. Sasa wewe unashuka mmoja, unapigwa picha ya fremu nzima, yaani mtu mzima. Kule chini mmekuwa wawili. Mtavutwa na nani?

— Ndiyo maana achukue ndogo, alisema Sharubu. Itampiga nusu. Watapanda mmoja na nusu.

— Na hiyo nusu ikifika nyumbani italala wapi? aliuliza Fremu. Mke ataelewa, lakini watoto?

— Kwani nusu ipi, ya juu au ya chini? aliuliza Kanali.

— Hapo ndipo penye kesi.

Chini akafumba macho. Alipoyafumbua, mama mkwe alikuwa amesimama mbele yake.

Akainuka ghafla, kamera kifuani, na benchi likapinduka na wote waliokuwa juu yake.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, baba. Nilikuwa natoka sokoni nikaona watu wamekukalia kikao. Nani kafa?

— Hakuna aliyekufa, mama.

— Shikamoo, mama, walisema wengine kutoka chini, kila mmoja akijifuta kahawa.

Mama mkwe aliitikia, akazitazama zile kamera, moja ikichuruzika maji, nyingine imekumbatiwa kama kitoto chenye homa.

— Na hivi ni vya nini?

Chini alitazama viatu vyake. Akasema kwamba alitaka kumpelekea picha, amwone mkwewe akiwa kazini. Ila hajajua achukue ipi.

— Ukiwa ndani ya kisima?

— Chini kabisa, mama.

— Unachimba?

— Nachimba.

— Na sululu umeishika?

— Kwa mikono miwili, mama.

— Na kamera ataishika nani?

Pikipiki ikapita. Fremu akakohoa, akasema magoti yake hayaelewani na mashimo. Kanali akasema yeye angeshuka vizuri sana, tatizo ghala. Sharubu akakumbuka ana mteja. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe. Yakatoka matone tu, na hata hayo yalitoka kwa kusitasita. Chini alikuwa amefikiria tope, maji, mawe na jasho. Mkono wa tatu hakuufikiria.

— Hicho kisima kiko wapi? aliuliza mama mkwe.

— Nyuma ya ukuta ule wa shule, mama.

— Nimekipita nikija hapa?

— Umekipita.

— Basi twende.

Wakaenda wote isipokuwa Mama Birika, aliyebaki kumngoja shemeji. Alikwenda hata mteja wa Sharubu, kichwa kimenyolewa upande wa kushoto, maana alisema haendi popote bila kinyozi wake. Vijana wa kuvuta kamba walikuwa wamekwenda kula, kwa hiyo Kanali na Fremu wakaishika wao. Sharubu alibeba kamera kubwa shingoni. Ile ndogo mama mkwe alikuwa ameipokea, kwa kuwa ilikuwa nyepesi. Chini akavaa kofia ngumu, akatia mguu kwenye kitanzi, akashuka.

Kule chini palikuwa baridi na kimya, kama kawaida. Maji yalimfika kifundoni. Alitoka kitanzini, akashika sululu, akachimba kwa nguvu zake zote, bila kuinua uso, kama mtu anayesomewa sifa zake. Juu alisikia sauti.

— Mama, hiyo ndogo haitamwona, chukua hii ya fremu nzima!

— Mwache mama! Mwenye macho haambiwi tazama!

— Ndiyo maana nasema achukue yenye jicho kubwa!

— Niacheni, mtaniangushia...

Kitu kikagonga ukuta wa kisima, kikagonga kofia ya Chini, kikazama topeni karibu na mguu wake. Akapapasa, akakitoa. Ile kamera ya manjano. Akaifuta kwa tumbo la shati. Taa ikawaka. Hivyo ndivyo uchaguzi ulivyokwisha: moja ilikuwa imeshuka kazini kabla hajaichagua.

— Baba! Imekuumiza? sauti ya mama mkwe ilishuka ikitetemeka.

Chini akainua uso. Lile duara la mwanga alikuwa amelitazama miaka yake yote ya kazi, na halikuwahi kuwa na mtu aliyekuja kwa ajili yake. Sasa lilikuwa limejaa vichwa. Hakujua afanye nini na kifua chake, kwa hiyo akainua kamera, akabonyeza.

Picha ikatokea kwenye kioo kidogo, safi kabisa. Vichwa vinne na nusu, mteja akiwa ndiye nusu. Katikati mama mkwe, kitambaa kimemwangukia kipajini, mdomo wazi, akimtazama kama mtu anavyomtazama mwanawe juu ya paa. Chini akaelewa kwamba picha hii haimwonyeshi hata kidogo, na bado hakuna binadamu angeipiga isipokuwa aliyesimama pale aliposimama yeye. Alitabasamu peke yake gizani.

Akaitazama tena. Ilikuwa picha nzuri mno, hata vidole vilionekana. Mikono ya Fremu iko ukingoni. Ya Kanali, ukingoni. Ya mteja, ukingoni. Ya Sharubu imeshika kamera kubwa. Ya mama mkwe iko kifuani.

— Jamani, aliita. Kamba ameshika nani?

Vichwa vikageukiana. Fremu akamtazama Kanali. Kanali akamtazama Fremu. Kamba yenyewe ndiyo iliyojibu: ikaanza kuteremka, kwanza polepole, kisha kwa haraka kama iliyochelewa kikao, ikarundikana mabegani mwa Chini, yote na mkia wake.

Huko juu Kanali akaanza kutafuta filimbi yake.

— Baba, aliita mama mkwe.

— Naam, mama.

— Kazi ya leo umemaliza?

— Bado, mama.

— Basi chimba. Hawa wakatafute ngazi. Mimi nakaa hapahapa nakutazama.