Viganja vya Asiye na Kazi

Lori lililotutoa Ruaruke lilipakia mpunga, nasi abiria tulikaa juu ya magunia. Mbele yangu bwana mmoja wa makamo alikuwa akijipaka mafuta ya nazi viganjani, anasugua, anapaka tena. Mama muuza kamba aliyekaa ubavuni mwake akashindwa kunyamaza. “Mjomba, unakwenda kuoa?”

“Nakwenda Kibiti, dada, kudai mafao. Kiwanda chetu kimeuzwa, tumepunguzwa. Karani anasema mafao ni ya wasio na kazi tu, na anatukagua viganja. Juzi kaona sugu zangu za jembe, akaniambia, ‘Wewe unalima, una kazi, nenda zako.’”

“Si uache kulima?”

“Niliacha! Mwenyekiti wa kijiji akaniita mzururaji, akanipa adhabu ya kuchimba barabara. Sugu zikarudi na ndugu zao.”

Mama akacheka mpaka ushungi ukamvuka. Mimi nimezunguka sana nchi hii, lakini sijaona serikali inayomjua mkulima hivi, hata kwa kumpapasa.

Mara lori likazama topeni. Utingo akapiga kelele, “Wanaume wote chini, tusukume!” Tukashuka. Bwana yule akabaki juu, viganja wazi kama anaomba dua.

“Shuka, mjomba,” mama akamwambia. “Leo Ijumaa, karani wako akienda msikitini harudi.”

Akashuka. Akaligeuzia lori mgongo, akainua mikono juu kama mtu aliyetekwa, akasukuma kwa makalio. Lori halikutikisika.