Pointi Elfu Kumi za Cherehani

Kijiwe cha mbele ya kinyozi kina benchi moja, birika moja la kahawa, na kwa miaka miwili kilikuwa na kadi moja ya supamaketi. Kadi ilikuwa ya Pimamaji, fundi mwashi, lakini kila aliyekwenda kununua kitu aliichukua, ili pointi ziingie kwake. Bango la dukani lilisema wazi: pointi elfu kumi, cherehani nyumbani. Pimamaji ana binti aliyemaliza kusomea ushonaji, na alishamwahidi. Basi Karani, mstaafu anayeishi peke yake, akawa ananunua hata shampuu ya gari, na gari hana.

Leo asubuhi pointi zilitimia. Pimamaji alivaa shati lake la harusini, akaazima mkokoteni, akaenda. Alirudi na mkokoteni mtupu na kikaratasi. Pointi elfu kumi zilikuwa zimemwingiza tu kwenye droo ya bahati nasibu, cherehani moja kwa matawi yote. Maelezo hayo yalikuwa chini kabisa ya bango, kwa herufi ndogo kama chawa. Pointi zenyewe zilishafutwa.

Kinyozi alimmiminia kahawa bila kuulizwa.

— Ile cherehani ya dirishani pale dukani ni ganda tupu, alisema. Nimemwona dada wa usafi anainyanyua kwa mkono mmoja.

Karani akasema hiyo cha mtoto. Kwa akili yake, cherehani ni ile ile moja, inazungushwa na lori tawi kwa tawi, inapigwa picha, inapakiwa tena.

— Na walijuaje shida yetu ni cherehani? Kinyozi akauliza. Bango limekuja wiki ile ile Pimamaji alipoanza kuizungumza hapa. Hiyo kadi ina sikio.

Wote wakaitazama kadi pale kwenye benchi. Karani akaifunika kwa kikombe na kushusha sauti.

Pimamaji hakucheka. Kilichomkaba ni kwamba hakuna aliyemkaba. Alikwenda kwa miguu yake, miaka miwili, na kila mara alisema asante.

— Mmeninunulia vitu msivyovihitaji, alisema. Naona haya hata kuwatazama.

Kinyozi akashauri waende wote kulalamika, kisha akauliza watamlalamikia nani. Pimamaji akawaambia dada wa kaunta naye ana kadi. Amefikisha elfu nane, anataka friji.

Ndipo binti yake akatokea, futi ya kupimia shingoni, vitambaa vitatu mkononi. Akawaamkia wazee, wakamwitikia chini chini.

— Baba, nimepata wateja watatu, alisema. Nimewaambia mashine inaingia leo. Niwape tarehe gani ya kuja kuchukua nguo?

Karani akainamia viatu vyake. Kinyozi akainua birika kana kwamba anataka kumimina, akalirudisha chini. Pimamaji alimtazama mwanawe, akakikunja kile kikaratasi kiganjani. Binti akaendelea kusubiri, akigeuza kitambaa kimoja ili baba aone rangi yake.