Mzee Kerrow Guleid na Mchicha wa Wodi ya Watoto

Tarehe 31 Machi 1967, Mzee Kerrow Guleid atavua aproni yake baada ya miaka ishirini na sita katika jiko la hospitali yetu hapa Garissa. Aliingia mwaka 1941 akiwa mchota maji, yeye na punda wawili. Anatoka akiwa mpishi mkuu. Kwa miaka hiyo yote chai yake haijawahi kuchelewa wala kupungua sukari, hata daktari alipomsihi.

Mzee Kerrow ni mtu wa ngamia, mzaliwa wa pande za Modogashe. Kwao jembe ni la watu wengine na majani ni ya mifugo. Miaka mingi alitupikia sisi wageni kabichi kutoka bara kwa kufuata maelekezo, bila kuzionja hata siku moja.

Mwaka jana vita vya shifta vilifunga barabara. Malori machache yaliyopita na msafara wa askari yalileta unga na maharagwe tu. Ndipo tukapokea watoto tisa kutoka manyatta, ambako familia zilikusanywa na serikali baada ya ngamia wao kwisha. Kwa kukosa maziwa, fizi zao zilitoka damu na miguu ikavimba. Daktari alisema wanahitaji mboga na ndimu, na hatukuwa nazo.

Kerrow aliomba kibali, akaenda kwa Mzee Jilo, mkulima wa kando ya mto.

“Nifundishe kama mtoto,” alimwambia. “Mimi jembe sijui hata upande wa kushika.”

Mji ulicheka. Shemeji yake, Rage, alikuja hadi mlango wa jiko kumkanya. “Shemeji, wewe nachimba udongo kama panya. Watu nasema nini?”

Kerrow alimpa chai, akarudi shambani.

Mchicha wa kwanza aliupanda karibu na maji ili asichoke kumwagilia. Mto Tana ulifurika Mei, ukaufagia wote kwa asubuhi moja. Wiki hiyohiyo tulimpoteza mmoja wa wale watoto tisa. Kerrow hakulaumu mto. Alisema Mzee Jilo alimwonyesha mahali pa juu, lakini yeye mwenyewe akaona ni mbali. Siku ya tatu baada ya mafuriko alichukua ndoo za jikoni, akaanza upya kule juu.

Mchicha ukaota. Aliupika, akaukamulia ndimu za Mzee Jilo zilizokuwa zimeanza kuiva, akaupeleka wodini mwenyewe. Hakuna aliyeugusa. Saynab, mama wa binti mmoja aitwaye Ardo, alirudisha sahani kwa adabu. “Adeer, mtoto yangu si mbuzi,” alisema, akimwita ami kwa lugha yao.

“Hata mimi si mbuzi,” Kerrow akajibu. Akaketi kwenye benchi katikati ya wodi, akasema bismillahi, akala sahani nzima. Baadaye alimwambia mwandishi wa maneno haya kwamba tonge la kwanza lilitaka kurudi lilikotoka. Uso wake ulisema hivyo pia, maana Ardo, ambaye hakuwa amecheka tangu aletwe, alicheka. Kisha akataka kuonja. Mama yake akamtazama Kerrow, akamtazama mtoto, akasogeza sahani.

Baada ya wiki mbili fizi za Ardo ziliacha kutoka damu. Wengine nao wakala, na watoto wote wanane waliobaki waliondoka kwa miguu yao. Leo shamba lina urefu wa hatua sitini, na Saynab ana tuta lake manyatta. Si kila kitu kilikubali: viazi vililiwa na mchwa, na kabichi zilitoka kubwa kama ngumi. Kerrow alizipika hivyohivyo. Safari hii alizionja, akatuomba radhi kwa zile za miaka yote iliyotangulia.

Wenzako wa jikoni, wodini na ofisini tunakushukuru, Mzee Kerrow, kwa chai, kwa mchicha, na kwa kutoona aibu kuanza jambo usilolijua mbele ya watu wanaokujua. Tunasikia umenunua baiskeli, na kwamba Jumatatu ilikuangusha mara mbili mbele ya posta. Mwenyezi Mungu akujalie umri mrefu, afya na amani katika nchi hii. Endelea kujifunza. Ukianguka tena, angukia upande wa hospitali. Sisi tupo.