Yusta Nyalusi na Raundi za Usalama Wodini

Ndugu waombolezaji, dada yetu Yusta Nyalusi alizaliwa Kihesa, Iringa, tarehe 3 Machi 1971, mtoto wa tatu wa mzee Liberatus na mama Faustina, akamaliza shule ya msingi hapo hapo Kihesa mwaka 1985, sekondari mwaka 1989, akahitimu uuguzi mwaka 1993 na kupangiwa kazi Chimala, ambako alikutana na mwalimu Asukile Mwambene, wakafunga ndoa tarehe 27 Septemba 1997, Mungu akawajalia watoto wawili, Philbert na Yudith.

Mwaka 2006 alihamia hospitali moja jijini Mbeya, akakabidhiwa raundi za ubora na usalama, yaani kupita kila wodi akikagua vitanda, dawa na mitambo, na kuandika kila kasoro kwenye fomu. Mwaka 2017 aliandika mara tatu kwamba mashine ya oksijeni ya wodi ya watoto ilikuwa ikizimika yenyewe, fomu zikaingia kwenye faili, faili likaingia kabatini, na tarehe 9 Agosti mashine ikazima, akafariki Gideoni, mtoto wa miaka miwili kutoka Ubaruku.

Wakubwa walimwambia anyamaze. Yusta hakuweza, akateremka mwenyewe hadi Ubaruku, akaketi chini mbele ya mama wa mtoto, Sabina, akamweleza yote, naye Sabina akamuuliza, "Nesi, kama mlijua, mbona mlimlaza mwanangu pale?" Yusta akalia naye mpaka jua likapinduka. Aliporudi aliondolewa wodini, akawekwa stoo ya mashuka kwa miaka mitatu, na mumewe anasema tangu hapo hakumsikia tena akiimba jikoni.

Mwaka 2020 alikuja mganga mfawidhi mpya, Dokta Ezekia, akazikuta zile fomu, akazisoma zote, akamwita Yusta na kumuuliza kifanyike nini. Yusta akasema, "Karatasi haina mdomo, daktari, ukiifungia kabatini imekwisha." Mwaka 2021 raundi zikahamia kwenye vishikwambi, kasoro ikiandikwa, fundi na mganga mfawidhi wanaiona papo hapo, wala haifutiki kwenye orodha mpaka itengenezwe na kukaguliwa upya. Siku ya uzinduzi wenzake walimshangilia, naye akawazuia, "Msinipigie makofi, mtoto wa watu yuko kaburini."

Juni 2023 aligundulika kuwa na saratani ya mlango wa kizazi, ikiwa imeshasambaa, maana yeye aliyehimiza kila mtu apimwe alikuwa akiahirisha kipimo chake mwaka hadi mwaka. Aliugua kwa maumivu makali, akafariki Jumanne tarehe 4 Februari 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na mitatu, mkono wake ukiwa mikononi mwa Yudith.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotupikia na kukesha nasi, na wafanyakazi wenzake waliomleta hadi hapa Kihesa, hatuna cha kuwalipa. Tunaloomba kwenu mliobaki wodini ni moja tu, mkiona kasoro semeni, na mkiambiwa sikieni.

Yusta, dada yetu, umechoka sana, sasa pumzika kwa amani ya Bwana.